Kivinjari na Lugha: Historia Fupi ya Chombo Tunachokitumia Bila Kukichagua

Utangulizi

Muhula mmoja niliwapa wanafunzi wa mwaka wa kwanza zoezi la ufahamu. Walitakiwa kusoma taarifa katika tovuti ya gazeti moja la Kiswahili, kisha wajibu maswali kwa maneno yao wenyewe. Taarifa ilihusu mzee maarufu aliyefariki dunia, na mwandishi alisema kwamba marehemu alikuwa amekula chumvi nyingi. Mwanafunzi mmoja, tena miongoni mwa walio hodari, aliandika kwamba mzee huyo aliponzwa na chumvi.

Nilicheka kwanza, kisha nikashangaa. Msemo huo tulikuwa tumeufundisha wiki chache tu kabla. Nilimwita na kumwomba anioneshe alivyoisoma taarifa ile. Alifungua kompyuta ya maabara, na hapo nikaelewa. Hakuwa ameisoma kwa Kiswahili hata kidogo. Mtu fulani asiyejulikana alikuwa amekipanga kivinjari cha kompyuta ile kitafsiri kila ukurasa wa Kiswahili kwenda Kiingereza. Mwanafunzi aliyakuta mambo hivyo, akadhani ndivyo yanavyotakiwa kuwa. Alisoma Kiingereza kilichotolewa na mashine, akarudi kujibu kwa Kiswahili, na njiani msemo ukageuka kuwa ugonjwa.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwauliza wanafunzi na hata walimu wenzangu swali moja: je, kivinjari unachokitumia ulikichagua wewe? Wengi hujibu kwamba walikikuta. Makala haya yanakusudia kueleza kwa ufupi historia ya chombo hiki, yakionesha kwamba "kukikuta" si jambo la bahati. Watu wameshindana, wameshtakiana na wamelipana mabilioni ili sisi tukikute. Baada ya hapo, yatapendekeza mipangilio michache ambayo mwalimu au mwanafunzi wa Kiswahili anaweza kuifanya mwenyewe.

Jina lenyewe

Kivinjari ni programu inayomwezesha mtu kufungua na kusoma kurasa za wavuti. Jina limetokana na kitenzi vinjari, yaani kuzungukazunguka huku na huko, hasa chombo kinapozunguka baharini kwa kufanya doria. Kwa kuongeza kiambishi ki- cha ala, tumepata jina la kifaa kwa njia ileile iliyotupa kifaa, kifuniko na kipimo.

Jina hili halikuwa peke yake. Wengine walitumia kisakuzi, kutokana na kitenzi sakua, yaani kutafuta kwa kupekua. Wapo pia waliosema kuperuzi kwa kitendo chenyewe, neno lililokopwa na ambalo bado linasikika sana katika mazungumzo na hata katika vyombo vya habari. Tukiyatazama kwa jicho la isimu, kila jina limebeba picha yake. Anayevinjari yumo chomboni na anaelekea anakotaka. Anayesakua anatafuta kitu alichokipoteza au anachokishuku. Anayeperuzi anapitisha macho tu. Ni vizuri kumuuliza mwanafunzi: wewe ukiwa mbele ya kompyuta, ni yupi kati ya hao watatu?

Mwanzo: msomaji aliyekuwa pia mwandishi

Mwezi Machi 1989 Tim Berners-Lee, Mwingereza aliyefanya kazi katika maabara ya fizikia ya CERN karibu na mji wa Geneva, aliandika pendekezo la kuunganisha nyaraka za watafiti kwa mtandao wa viungo. Hadi kufikia mwisho wa mwaka 1990 alikuwa amekwisha kuunda kivinjari cha kwanza, alichokiita WorldWideWeb. Kilifanya kazi katika kompyuta za aina ya NeXT peke yake, ambazo zilikuwa chache na za bei kubwa.

Jambo ambalo husahauliwa mara nyingi ni kwamba kivinjari hicho cha kwanza kiliweza kusoma na pia kuandika. Mtu aliyefungua ukurasa aliweza kuuhariri na kutengeneza mwingine humo humo. Katika fikra za muundaji wake, msomaji na mwandishi walikuwa mtu mmoja.

Tatizo lilikuwa kuufikisha wavuti kwa watu wasiokuwa na NeXT. Kazi hiyo alipewa Nicola Pellow, aliyekuwa mwanafunzi wa hisabati akifanya mafunzo kazini pale CERN. Aliandika kivinjari rahisi kilichoonesha maandishi matupu, mstari baada ya mstari, na kilichoweza kutumika katika kompyuta za aina nyingi. Kwa njia hiyo wavuti ulienea, lakini uwezo wa kuandika uliachwa nyuma. Vivinjari vingi vilivyofuata viliiga mtindo huo wa kusoma tu. Tarehe 30 Aprili 1993 CERN ilitangaza kwamba mtu yeyote anaweza kutumia teknolojia ya wavuti bila kulipia chochote, na mlango ukawa wazi kwa kila mwenye kutaka kuunda kivinjari chake.

Vita vya kwanza

Mwaka huo huo wa 1993, katika Chuo Kikuu cha Illinois nchini Marekani, vijana wakiongozwa na Marc Andreessen na Eric Bina walitoa kivinjari cha Mosaic. Kilionesha picha ndani ya ukurasa pamoja na maandishi, na kiliwekwa kwa urahisi katika kompyuta za kawaida. Kwa watu wengi wasiokuwa wanasayansi, Mosaic ndiyo iliyowafungulia wavuti.

Mwaka 1994 Andreessen aliungana na mfanyabiashara Jim Clark wakaanzisha kampuni iliyokuja kujulikana kama Netscape. Mwezi Desemba walitoa Netscape Navigator. Jina hilo lina maana ya mwongoza chombo baharini, kwa hiyo Waswahili waliochagua kuvinjari hawakuwa mbali na bahari ya Netscape. Walimu na wanafunzi waliruhusiwa kukitumia bure. Wengine walitakiwa kulipia.

Kampuni ya Microsoft ilichelewa kuingia, lakini ilipoingia ilikuja na silaha ambayo Netscape haikuwa nayo. Mwezi Agosti 1995 ilitoa Internet Explorer, iliyojengwa juu ya programu ya Mosaic iliyopewa leseni. Muda si mrefu kivinjari hicho kikawa kinatolewa bure na kuunganishwa na Windows, mfumo uliokuwa ndani ya kompyuta nyingi zaidi duniani. Mnunuzi wa kompyuta alikikuta kimo tayari. Kwa nini ahangaike kutafuta kingine?

Tarehe 18 Mei 1998 serikali ya Marekani, pamoja na majimbo kadhaa, iliishtaki Microsoft kwa kutumia nguvu zake za soko kuwabana washindani. Mwaka 2000 Jaji Thomas Penfield Jackson aliamuru kampuni hiyo igawanywe mara mbili. Mwaka 2001 mahakama ya rufani ilitengua amri ya kuigawanya, ingawa ilikubali kwamba Microsoft ilikuwa imelinda ukiritimba wake kinyume cha sheria, na kesi ikaishia kwa maafikiano. Wakati huo Netscape ilikuwa imekwisha kununuliwa na kampuni ya AOL, na sokoni imebaki jina.

Mshindi alipopata zaidi ya asilimia 90 ya watumiaji, alilala. Internet Explorer 6 ilitoka mwaka 2001, na toleo la 7 halikuonekana hadi mwaka 2006. Katika miaka hiyo mitano virusi na madirisha ya matangazo yaliyojifungua yenyewe vilikuwa kero ya kila siku. Watengenezaji wa tovuti nao waliandika kurasa zilizofunguka vizuri katika Internet Explorer peke yake.

Dakika za Kampala

Walimu wa rika langu tuliifahamu intaneti katika vibanda vya mjini Kampala, ambako malipo yalihesabiwa kwa dakika. Kabla ya nyaya za chini ya bahari kufika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 2009, mawasiliano yetu ya intaneti yalitegemea setilaiti, nayo yalikuwa ghali na ya polepole. Ukurasa mmoja wenye picha uliweza kumaliza fedha ya mtu kabla hajausoma.

Hapo ndipo wengi wetu tulipojifunza mpangilio wa kwanza wa kivinjari: kuzima picha. Mwenye kibanda hakupenda kila mara kuguswa kwa mipangilio yake, lakini aliyejua njia alizima picha, akasoma maandishi, akanakili alichokihitaji na kuondoka. Kwa mtu aliyetafuta makala ya isimu au shairi la kufundishia, picha zilikuwa anasa.

Baadaye kivinjari cha Opera Mini, kutoka kampuni ya Opera ya Norway, kiliifanya hekima hiyo kuwa kazi ya mashine. Kilienezwa duniani kote mwezi Januari 2006. Ukurasa haukuja moja kwa moja kwenye simu. Ulichukuliwa kwanza na kompyuta za kampuni, ukabanwa ukawa mdogo, kisha ukatumwa. Simu ndogo ya vitufe ikaweza kusoma wavuti kwa gharama nafuu, na katika Afrika kilipata watumiaji wengi sana. Hata hivyo, kila chenye faida kina gharama yake. Kwa kuwa kurasa zilipitia kwa mtu wa kati, na siri za msomaji nazo zilipita mikononi mwake. Wachache kati yetu waliliwaza hilo.

Kurudi kwa uchaguzi

Tarehe 31 Machi 1998, kabla ya kuanguka kabisa, Netscape ilitoa hadharani msimbo wa programu yake ili yeyote auendeleze. Kutokana na mradi huo wa Mozilla, kivinjari cha Firefox toleo la 1.0 kilitoka tarehe 9 Novemba 2004. Kilizuia madirisha ya matangazo, kilifungua kurasa nyingi katika vichupo vya dirisha moja, na mtu aliweza kukiongezea viendelezi. Baada ya miaka ya ukimya, watu waliona tena kwamba kivinjari ni kitu cha kuchaguliwa.

Mwezi Septemba 2008 kampuni ya Google ilileta Chrome. Injini yake ilitokana na WebKit ya kampuni ya Apple, ambayo nayo ilichipuka kutoka KHTML, kazi ya mradi wa programu huria wa KDE. Chrome kilikuwa chepesi, na kila kichupo kilijitegemea ili kimoja kikikwama vingine visianguke. Gharama ya mtindo huo ni kumbukumbu ya kompyuta: mashine ya zamani ikifunguliwa vichupo 20 huanza kupumua kwa shida.

Kidogo kidogo gurudumu likazunguka. Chrome kikachukua nafasi ya kwanza duniani. Microsoft yenyewe, mwezi Januari 2020, iliijenga upya Edge kwa kutumia msimbo uleule wa msingi wa Chrome, na tarehe 15 Juni 2022 ikaistaafisha rasmi Internet Explorer. Tarehe 5 Agosti 2024 Jaji Amit Mehta wa Marekani aliamua kwamba Google ililinda ukiritimba wa utafutaji kinyume cha sheria. Katika kesi hiyo ilifahamika kwamba kwa mwaka 2021 peke yake Google ililipa dola bilioni 26.3 ili iwe chaguo-msingi la kutafutia katika vivinjari na simu za kampuni nyingine. Mwezi Septemba 2025 jaji huyo alikataa ombi la kuilazimisha iuze Chrome.

Tuitafakari hesabu hiyo. Mtumiaji ana uhuru wa kubadilisha chaguo-msingi kwa kubofya mara chache. Lau watu wangekuwa wanabadilisha, nani angelipa dola bilioni 26.3? Fedha hiyo ni bei ya mazoea yetu ya kuviacha vitu kama tulivyovikuta.

Kiswahili ndani ya kivinjari

Lugha yetu ilianza kuingia katika kompyuta za kawaida kwa juhudi zilizoonekana wazi mwaka 2004. Mwaka huo mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa programu za ofisi zilizoitwa Jambo OpenOffice, na kampuni ya Microsoft nayo ilitangaza mpango wa kuweka Kiswahili katika Windows. Wikipedia ya Kiswahili ilikuwa imeanza mwaka 2003. Mwaka 2009 Kiswahili kiliingia katika huduma ya tafsiri ya Google. Chrome nacho kina menyu za Kiswahili, na humo ndimo wengi walimokutana kwa mara ya kwanza na istilahi kama vidakuzi, alamisho, viendelezi na hali fiche.

Kuna jambo jingine la kiufundi ambalo mwalimu wa lugha anapaswa kulijua. Kila unapoomba ukurasa, kivinjari chako huweza kuitangazia tovuti orodha ya lugha unazozipenda kwa mpangilio wa upendeleo. Utaratibu huu umo katika kanuni za mawasiliano ya wavuti tangu miaka ya 1990. Kiswahili kina alama yake, sw, na huweza kuongezewa nchi: sw-TZ kwa Tanzania, sw-KE kwa Kenya, sw-UG kwa Uganda na sw-CD kwa Kongo. Si tovuti zote zinazoijali orodha hiyo, lakini zinazoijali hukupa Kiswahili zikiwa nacho. Kompyuta iliyopangwa kwa Kiingereza peke yake huiambia dunia, mara mamia kwa siku, kwamba hapa hakuna msomaji wa Kiswahili.

Mwaka 2005 katiba ya Uganda ilirekebishwa na Kiswahili kikatajwa kuwa lugha rasmi ya pili. Tumefanya mikutano mingi tukilalamika kwamba utekelezaji unachelewa. Lakini katika maabara yetu wenyewe, kompyuta zote zilikuwa zikitangaza Kiingereza, na hata zikakitafsiri Kiswahili kana kwamba ni kikwazo kwa mwanafunzi wa Kiswahili. Hapo hatukuwa na wa kumlaumu.

Mipangilio mitano ya kuanzia

Baada ya kisa cha chumvi, tulikaa na fundi wa maabara alasiri moja tukakubaliana mambo yafuatayo. Yanafaa kwa kivinjari chochote cha kisasa, ingawa majina ya menyu hutofautiana.

Kwanza, orodha ya lugha. Fungua mipangilio, tafuta sehemu ya lugha, ongeza Kiswahili na ukipandishe juu. Hata pale menyu za kivinjari zinapobaki kwa Kiingereza, orodha ya lugha za kurasa hukubali Kiswahili.

Pili, tafsiri. Zima tafsiri ya moja kwa moja kwa kurasa za Kiswahili. Tafsiri ya mashine ina kazi yake, nasi tunaitumia darasani kwa kulinganisha matini, lakini mwanafunzi aiite mwenyewe anapoihitaji.

Tatu, kikagua tahajia. Kikiwa kimewekewa Kiingereza tu, hupiga mistari myekundu chini ya kila neno sahihi la Kiswahili. Mwanafunzi mchanga huanza kuitilia shaka lugha badala ya kukitilia shaka chombo. Weka kamusi ya Kiswahili ikiwa inapatikana, au zima ukaguzi unapoandika Kiswahili. Hata penye kamusi, angalia maneno yenye ng', kama ng'ombe na ng'oa. Kistari chake cha juu kina maumbo zaidi ya moja katika kompyuta, na mashine huweza kuyaona kama maneno mawili tofauti. Wenzetu wanaoandika Luganda kwa herufi ŋ wanaijua adha ya namna hii: zamani walizoea kuona kisanduku kitupu mahali pa herufi yao.

Nne, nywila na vidakuzi. Kidakuzi ni kipande kidogo cha taarifa ambacho tovuti hukiacha katika kivinjari chako ili ikutambue ukirudi. Kilibuniwa mwaka 1994 na Lou Montulli wa Netscape, kwa nia ya kurahisisha kazi kama ununuzi, lakini baadaye kikawa pia njia ya kufuatilia nyendo za watu. Katika kompyuta ya watu wengi, kivinjari kisiruhusiwe kuhifadhi nywila, na kipangwe kifute vidakuzi kinapofungwa. Nje ya maabara, tumia hali fiche ukiwa katika kompyuta isiyo yako. Kumbuka tu kwamba hali hiyo humficha mtu kwa atakayeketi hapo baada yake, haimfichi kwa mwenye mtandao wala kwa tovuti anayoitembelea.

Tano, masasisho na chaguo-msingi la kutafutia. Ruhusu kivinjari kijisasishe, kwani miaka mitano ya Internet Explorer 6 inatosha kuwa funzo. Kuhusu injini ya kutafutia, jaribu mbili au tatu kwa swali lilelile la Kiswahili, kisha baki na inayokupa majibu bora.

Ama kuhusu kivinjari kipi hasa, sina fatwa. Kwa kompyuta zetu za maabara zenye kumbukumbu ndogo tulijaribu viwili, tukaweka vyote, na wanafunzi wakaachiwa kuchagua. Kuwapo kwa chaguo kunamfundisha mwanafunzi kwamba mambo yangeweza kuwa vingine.

Hitimisho

Historia ya kivinjari inaonesha kwamba mara kwa mara ushindi umemwendea aliyewekwa mbele ya mtumiaji mapema, hata pale palipokuwa na kilicho bora zaidi. Hali kadhalika ndivyo ilivyo kwa lugha. Mtoto huzungumza lugha anayoikuta nyumbani, na mwanafunzi husoma kwa lugha anayoikuta kwenye skrini. Sisi walimu hatuna mabilioni ya kununua nafasi hiyo, lakini kwa kompyuta zilizo chini ya mikono yetu hatuhitaji kuinunua.

Yule mwanafunzi alirudia zoezi lake wiki iliyofuata, safari hii kwa kusoma maandishi ya Kiswahili yenyewe. Aliandika kwamba marehemu alikuwa mzee wa miaka mingi, aliyeona mengi. Chini ya jibu aliongeza swali ambalo sikulitarajia: kama ukurasa ule ulitafsiriwa bila yeye kujua, ni kurasa ngapi nyingine amezisoma hivyo tangu aingie chuo? Sikuwa na jibu. Nilimwomba aanze kwa kufungua mipangilio ya simu yake.